Kabla ya kumsifu mpigaji wa Albuquerque, pima hewa

Kazi yangu ni sayansi ya michezo, na vijana wanaofuatilia besiboli ya Marekani huniuliza sana: mpigaji aliyewaka moto Albuquerque, mbona akipanda ligi kuu anazimika? Mara nyingi kipaji chake ni kile kile. Hewa ndiyo iliyobadilika.

Albuquerque, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la New Mexico, uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15. Mpira ukipigwa haupati upinzani wa kutosha, hivyo pigo ambalo San Diego lingeishia kwenye glavu ya mlinzi, hapa linavuka ukuta wa uwanja na kumpa mpigaji alama. Anayeteseka ni mrushaji. Mpira wake hupinda kwa sababu unajizungusha na kusukumana na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, unapinda kidogo tu, na mpigaji anauona vizuri. Ukame nao unazidisha: mpira mkavu huruka kwa nguvu zaidi ukigongwa, tena unateleza vidoleni. Ndiyo maana Colorado Rockies, timu ya ligi kuu ya Denver, mji wenye mwinuko kama huo, wanahifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu tangu 2002.

Isotopes, timu ya Albuquerque iliyo ngazi moja chini ya ligi kuu, imekuwa ikiwalea wachezaji wa Rockies tangu 2015. Naupenda mpango huo. Kijana azoee mapema hewa atakayofanyia kazi.

Kwa wakimbiaji wa Lobos, timu ya Chuo Kikuu cha New Mexico, mambo ni kinyume: oksijeni ni kidogo, kwa hiyo muda wa masafa marefu unakuwa mbaya hata mkimbiaji akiwa bora. Wanawake wao walitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, 2015 na 2017, na 2017 Ednah Kurgat, mzaliwa wa Kenya, alishinda pia taji la mtu mmoja mmoja. NCAA inalijua tatizo hilo la muda, na ina jedwali la kusahihisha muda uliokimbiwa nyanda za juu.

Mpigaji wa Isotopes hana jedwali kama hilo. Wastani wake wa kupiga huchapishwa ulivyo. Ukitaka kumpima kwa haki, angalia alivyopiga ugenini, hasa Tacoma na Sacramento, karibu na usawa wa bahari.