Saa Elfu Kumi Hazimfanyi Rubani Kuwa Mwalimu

"Huyu bwana ana saa elfu kumi angani. Mpe wanafunzi tu, atafundishwa nini tena?" Kauli hii nimeletewa kwa mara nyingine wiki hii, safari hii na mkuu wa chuo kimoja aliyetaka nahodha mstaafu aanze kufundisha huku kozi ya ualimu ikifupishwa mpaka ibaki jina. Kwenye simu nilimjibu kwa adabu. Hapa nitajibu kwa kirefu.

Kazi yangu ni kufundisha walimu wa urubani. Anayeletwa kwangu tayari anajua kurusha ndege, na hilo halinichukulii muda. Ninachotafuta ni kama anaweza kulitoa jambo kichwani mwake likaingia mikononi mwa mtu mwingine, tena ndani ya chumba chenye kelele, joto na redio isiyonyamaza. Hilo logibuku, daftari la saa za rubani, halinionyeshi.

Tuzitazame saa zenyewe. Saa ya kuruka huanza kuhesabiwa ndege inaposogea kwa ajili ya kwenda kuruka, na hufungwa inaposimama mwisho wa safari. Basi. Ndani ya safari ya saa kumi kuna dakika chache za kushika ndege kwa mkono, nazo unagawana na mwenzako. Zilizobaki otopailoti, mtambo wa kujiendesha, inaruka na ninyi mnaisimamia. Kusimamia ni kazi, tena ina elimu yake, sibishi. Ila aliyekusanya saa elfu kumi kwa mtindo huo huenda ameona kutua mara chache kuliko kijana anayezunguka uwanja na wanafunzi kuanzia alfajiri mpaka jua linazama.

Wala ugonjwa huu si wa leo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanafunzi wa kikosi cha anga cha Uingereza walikuwa wakifundishwa na marubani waliorudishwa kutoka mstari wa mbele wapumzike. Kuruka walikuwa wanajua, tena chini ya risasi. Lakini wengi hawakuthubutu kumwachia mwanafunzi usukani, na wakiulizwa kwa nini ndege imefanya ilivyofanya, hawana maelezo. Mwaka 1917 rubani wa kikosi hicho, Robert Smith-Barry, akapewa shule ya Gosport, Uingereza. Akamweka mwanafunzi kwenye kiti cha rubani wa Avro 504 yenye usukani kamili wa pili kwa ajili ya mwalimu, wakaongea kupitia mpira wa sauti uliounganisha masikio na midomo yao. Mambo ya kutisha, kama ndege kuporomoka huku ikizunguka, akaagiza yafundishwe badala ya kukwepwa. Na akafanya lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: akaanza kuwafundisha walimu namna ya kufundisha. Zaidi ya miaka mia baadaye, bado napigiwa simu kuombwa niruke hatua hiyo.

Sasa niingie kwenye kinachonikera hasa. Shida ya mjuzi ni kwamba ujuzi umeshamhama kichwani ukaenda kuishi mikononi, na kule hauna maneno. Mwulize nahodha mzoefu anajuaje wakati wa kuinua pua anapotua. Atakwambia "unaona tu," au "unahisi kwa makalio." Anasema kweli tupu. Mwanafunzi anayeiona ardhi ikimjia kwa mara ya kwanza hawezi kuitumia kweli hiyo kwa lolote.

Kwa hiyo nahodha anafundisha kutua kwa amri. "Bado... bado... sasa! Vuta! Usivute sana!" Mwanafunzi anajifunza kusikiliza. Masikio yake yanakuwa hodari, ndege inatua salama, wote wanashuka wakicheka. Siku anayoruka peke yake, ile sauti haipo, na yeye hajawahi kuona alama ambayo sauti ile ilikuwa inaijibu.

Alama yenyewe iko machoni. Waswahili wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye kutua anaambiwa, na anaambiwa wapi. Mwanafunzi akikodolea ardhi iliyo mbele tu ya pua, inapita kwa kasi mpaka inakuwa ukungu. Anashtuka, anavuta mapema, ndege inaishiwa mwendo ikiwa juu na kudondoka kwa kishindo. Akitazama mbali mno, hajui yuko juu kiasi gani, anachelewa, anaipeleka pua chini. Mahali pazuri pako katikati, napo hapatulii: macho yanaanza karibu na sehemu unayolenga, kisha yanahamia mbele kuelekea mwisho wa njia ya kurukia kadiri ndege inavyosawazika na kupungua mwendo. Nahodha wetu anafanya hivyo kila anapotua. Mwambie akueleze macho yake yalikuwa wapi, atakaa kimya, kisha atakasirika kidogo.

La pili ni dogo zaidi na ndilo linalovunja watu mioyo. Mwanafunzi anakaa kushoto, mwalimu kulia, na hakuna aliyekaa kwenye mstari wa katikati ambao ndege huzungukia inapolala ubavu. Matokeo yake, aliye kushoto anaona kama pua inapanda ndege inapokata kushoto, na kama inashuka inapokata kulia. Aliye kulia anaona kinyume chake. Ndege ni ile ile, kona ni ile ile, picha mbili tofauti.

Mchukue basi mtu aliyekaa kushoto miaka ishirini, mhamishie kulia, mpe mwanafunzi. Mwanafunzi anakata kushoto vizuri kabisa, altimita, kipimo cha urefu wa ndege angani, haijatikisika. Mwalimu anaona pua imezama. "Inua pua!" Mwanafunzi anainua, ndege inapanda futi mia, mwalimu anapiga kelele kwamba hajui kushika urefu. Nimekaa kiti cha nyuma nikiitazama hali hii, na kinachoniuma ni uso wa mwanafunzi. Alikuwa sahihi, akaambiwa amekosea, akatii, akalaumiwa kwa kutii. Akishuka atajiona hana kipaji.

Dawa yake ni rahisi mno mpaka inaudhi. Kabla hujamfundisha mtu yeyote, nenda juu ukiwa kiti cha kulia, uweke alama ya kalamu ya kufutika kwenye kioo mbele ya macho yako pale upeo wa macho unapopita ndege ikienda sawa. Kata kushoto, kata kulia, uone alama inavyokudanganya. Kisha inama kuelekea kiti cha kushoto uone anachoona yeye. Wakubwa wengi wanalipuuza zoezi hili wakiliona la watoto.

Kuna wanaosema, "Haya, basi tutafute mwenye saa nyingi za kufundisha." Hapo pia taratibu. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, wakaangamia watu 583. Nahodha wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, aliyeanza kuruka bila kibali, alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege hizo katika shirika lake. Waliochunguza waligusia jambo ambalo mwalimu yeyote wa simuleta, mashine ya ardhini inayoigiza ndege, analijua moyoni: ndani ya simuleta mwalimu ndiye anayejifanya mwongoza ndege, kibali cha kuruka anakitoa mwenyewe. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, ukungu na redio zilizoingiliana zikiwemo, sitaki kuibana kwenye sababu moja. Lakini kufundisha nako kunajenga mazoea kwa anayefundisha, na mazoea hayaulizi kama leo uko kwenye mashine au kwenye lami.

Imani hii ya saa imeingia hata kwenye kanuni. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Usukani ulitetemeka kuonya kwamba ndege inakaribia kustoli, yaani mabawa kushindwa kuibeba, na nahodha akauvuta badala ya kuusukuma. Baadaye, mwaka 2013, Marekani ikaanza kudai kwamba hata rubani msaidizi wa shirika la ndege awe na saa 1,500, ukiacha nafuu kwa waliotoka jeshini na kwenye vyuo fulani. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshazipita 1,500.

Tokeo moja la kanuni hiyo ni kwamba vijana wengi huko wanafundisha ili wajaze saa. Unaanza ualimu ukiwa na saa mia chache, na siku hesabu inapotimia unaaga, mara nyingi pale pale unapoanza kuwa mwalimu wa maana. Ningependa kusema kijana huyo ni bora kuliko nahodha mstaafu, hoja yangu ingekaa vizuri. Siwezi. Kijana anakumbuka palipomuuma, anajua kutoelewa kunafananaje, na hilo ni hazina. Lakini naye mara nyingi anarudia neno kwa neno alichoambiwa na mwalimu wake, ambaye naye alikuwa njiani kwenda kwingine. Wingu baya hajawahi kuliona likijifunga mbele yake. Nani kati yao anatoa marubani wazuri zaidi? Nina maoni, na maoni yangu hubadilika kutegemea nimetoka kuruka na yupi.

Vifaa vya kufundishia nitavipitia haraka kwa sababu nikikaa hapo nitatukana. Slaidi ya bawa lenye chembe mbili za hewa, moja inapita juu na nyingine chini, eti lazima zikutane nyuma kwa wakati mmoja, ifuteni. Hazikutani, ya juu inawahi kufika. Dodoso la kumpanga mwanafunzi kuwa ni wa kuona, wa kusikia au wa kugusa, litupeni pia. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" kunamsaidia. Na hata kama ungekuwepo, kutua kunahitaji macho, masikio na mikono kwa wakati mmoja. Yule anayejiita "wa kusikia" tutamtua kwa redio?

Zile sheria za kujifunza tunazozikariri kwa ajili ya mtihani wa ualimu, chimbuko lake ni mwanasaikolojia Edward Thorndike. Mwenyewe baadaye aliiacha ile ya mazoezi kama alivyoiandika mwanzo: kurudia tu, bila kujua ulipopatia na ulipokosea, hakukufikishi mbali. Bado tunaifundisha, na mimi bado nawaandaa watu kuijibu, kwa sababu msahihishaji anaitaka. Nafsi hunisuta kidogo, kisha tunaendelea.

Kinachobaki ndicho kigumu, na hapa sina jibu safi. Mwalimu achukue ndege wakati gani? Maneno ni mepesi: "Ndege ni yangu," "Ndege ni yako," "Ndege ni yangu," kila mmoja amsikie mwenzake, na mwalimu athibitishe kwa macho kwamba mikono ya mwanafunzi imetoka. Hilo halina mjadala. Mjadala uko kwenye sekunde zilizotangulia. Ukichukua mapema, umemwibia somo, na ukifanya hivyo kila mara anajifunza kwamba kosa halina mwisho, kwa kuwa kuna mtu hulifuta. Ukichelewa, mtaandikiwa ripoti. Vitabu vinasema ujiwekee mipaka kabla ya kuruka, nami ninayo: mwendo huu, mteremko huu, urefu huu, ukipitwa nachukua bila kujadili. Lakini ndani ya mipaka hiyo kuna eneo pana ambalo kila mwalimu analigawa kwa hofu yake mwenyewe. Yangu hupanuka nikiwa nimelala vizuri na hupungua upepo wa ubavuni ukizidi. Sijui namna ya kumpa mtu kipimo hicho kwenye karatasi, na ninayemfundisha ataondoka kwangu akiwa na chake.

Na saa nyingi hapa hazisaidii kama mnavyodhani. Wenye saa nyingi ndio wanaochukua mapema kuliko wote, maana macho yao yanaliona kosa likiwa bado changa na mkono umeshafika kabla ya akili. Mara nyingi hata hawajui wameshika. Nikiwa nimekaa kushoto nikijifanya mwanafunzi, nahisi usukani unakuwa mzito kidogo, nauliza, "Umeshika?" Jibu ni hapana. Nageuka, vidole viwili viko pale.

Hivyo nikiletewa nahodha, simwombi anirushie ndege kwa ustadi. Nampa ubao na dakika kumi anieleze kona ya kawaida bila kutaja kitu ambacho bado hajanieleza, kazi inayowatoa watu jasho. Kisha tunapanda, mimi kushoto, nafanya makosa ya kawaida moja baada ya jingine, naye mikono mapajani, aniambie nilichokosa kukiona badala ya kuniambia nivute au nisukume. Wengine wanalipata siku ile ile, na hao uzoefu wao unakuwa dhahabu: wana hadithi za hali ya hewa, za abiria, za uamuzi wa kugeuza ndege kurudi, vitu ambavyo kijana hana. Wengine wanaona nawadhalilisha.

Kwa kanuni za Ulaya, kozi ya mwalimu wa ndege ina saa 25 za somo la kufundisha na kujifunza, 100 za nadharia, na angalau 30 za angani. Ziweke kando ya elfu kumi, hata hazionekani. Sielewi kwa nini zinapigiwa simu.