Mikono mingi, mtoto mmoja: zamu katika nyumba ya vichanga Kampala

Wageni wakiingia chumba cha vichanga kwa mara ya kwanza, wengi husifia jambo lile lile: "Mbona watoto wenu wametulia hivi!" Mimi nikisikia hivyo naanza kukagua vitanda. Chumba chenye vichanga kumi na kitu, saa nne asubuhi, kinatakiwa kiwe na kelele. Huyu anadai maziwa, yule kachafua nepi, mwingine kaamka tu na hataki kulala peke yake. Kichanga hulia kwa sababu ameshajua kwamba akilia mtu anakuja. Akilia siku nyingi bila mtu kuja, hunyamaza, na kunyamaza huko si utulivu. Anakodolea macho dari, anatikisa kichwa kulia na kushoto, ananyonya vidole mpaka vinachubuka. Uzito unaweza hata kupanda vizuri, lakini ukimwinamia kitandani hakuangalii.

Mimi ni muuguzi wa watoto, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu iko Kampala, katika nyumba inayopokea watoto kuanzia siku ya kuzaliwa hadi miaka mitatu hivi. Ndugu zangu kule nyumbani wanadhani siku nzima nabembeleza watoto. Kubembeleza kupo, ila kazi kubwa ni hesabu, usafi, makaratasi na ratiba ya zamu. Kati ya hivyo vyote, ratiba ya zamu ndiyo ninayoipigania kuliko dawa yoyote iliyo kabatini.

Mtoto hafiki kwetu kwa kuletwa tu mlangoni. Anakuja na polisi au afisa ustawi wa jamii, ambaye huku wanamwita probesheni, akiwa na barua. Hakimu ndiye anayetoa amri ya matunzo, na kwa sheria ya Uganda amri hiyo haizidi miaka mitatu. Wengine wana jina na ndugu wanaojulikana: mama kafariki akijifungua, baba hana wa kumwachia. Wengine wameokotwa, na hapo mwili wa mtoto ndio unaotupa habari. Kitovu kikiwa na kibanio cha plastiki, alizaliwa hospitali au zahanati. Kikiwa kimefungwa kwa uzi, alizaliwa nyumbani. Kikiwa bado kibichi ana siku moja au mbili. Kikishakauka na kudondoka, ana wiki moja au mbili na zaidi. Tunatazama utosi, mikunjo ya nyayo, kama kuna kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkononi. Kisha tunaandika tarehe ya kuzaliwa ya kukadiria, ambayo atakuja kuiandika kwenye fomu maisha yake yote.

Kwenye vipimo kuna jambo moja ambalo walezi wapya hulielewa vibaya, nalo ni VVU. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, na kichanga huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama, ambazo zinaweza kubaki mwilini hadi miezi 18. Kwa hiyo mistari miwili, yaani kipimo kuonyesha kingamwili zipo, kwa mtoto wa wiki moja inatueleza hali ya mama yake tu. Kinachomhusu mtoto mwenyewe ni PCR, kinachotafuta kirusi chenyewe, na huchukuliwa akiwa na wiki 6 hivi. Wakati tunasubiri anapewa dawa ya kinga kila siku, na anaogeshwa, anabebwa na kubusiwa kama wenzake. Chanjo nazo: asiye na kadi tunamhesabu kuwa hajachanjwa, tunaanza upya. Hilo halina mjadala.

Maziwa yana mambo mengi zaidi. Hesabu ya kuanzia kwa kichanga aliyetimiza miezi tumboni ni mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye kilo 3 atahitaji mililita 450. Gawa kwa milo 8, unapata kama 56 kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Watoto njiti wana hesabu yao, na kwao kikombe kidogo mara nyingi ni bora kuliko chupa, maana kikombe unakiosha kikatakata, chuchu ya chupa inaficha uchafu. Maziwa ya kopo watu wanayaamini kupita kiasi. Ule unga haujatakaswa vijidudu vyote, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka uchanganywe kwa maji yaliyochemka ambayo hayajapoa chini ya nyuzi 70; ukichemsha lita moja usiiache zaidi ya nusu saa. Baada ya hapo chupa unaipoza chini ya bomba na kudondoshea tone kifundoni mwa mkono wako. Yakipita saa mbili, yamwagwe, hata kama bei ya kopo inauma. Na inauma kweli.

Kitu ninachokataza kabisa ni kuegesha chupa kwenye mto, mtoto anyonye mwenyewe huku mlezi anakunja nguo. Anaweza kupaliwa, maziwa yanaweza kumwingia kwenye njia ya sikio, na zaidi ya hapo anakosa uso. Kichanga akinyonya huona vizuri kitu kilicho umbali wa kama sentimita 20 hadi 30, yaani hasa pale uso wa anayempakata ulipo. Milo minane kwa siku ni nafasi nane za kumjua mtu. Ukimwachia mto, nafasi zote zinakwenda kwa mto.

Wakifika miezi sita wanaanza kitobero, na hapa nawapa Waganda heshima yao. Ni chakula kilichoenezwa na Mwanamugimu, kitengo cha lishe cha Hospitali ya Mulago: matoke au viazi vitamu, maharage au karanga za kutwanga, dagaa wanaoitwa mukene au nyama iliyosagwa, na mchicha wa dodo, vyote vinafungwa kwenye jani la mgomba na kuiva kwa mvuke, kisha vinapondwa. Hakuna unga wa dukani wenye picha ya mtoto mnene unaoshinda hicho.

Sasa zamu. Nyumba nyingi za vichanga hugawa kazi kama kiwanda cha soda: mmoja anaogesha wote, mmoja ananywesha wote, mmoja yuko kwenye nepi. Kwa macho ya meneja ni utaratibu safi. Kwa mtoto, ni zamu tatu kwa siku na walezi watatu kila zamu, kwa hiyo ameshikwa na watu tisa kabla jua halijachomoza tena. Ongeza mapumziko ya wiki, wanafunzi wa uuguzi walio kwenye mafunzo, na wanaojitolea kutoka ng'ambo, utapata mtoto ambaye akifika miezi sita ameshikwa na watu wengi kuliko diwani kwenye kampeni, na hamjui hata mmoja.

Kwetu tunagawa watoto, hatugawi kazi. Kila mtoto ana maama wake, ndivyo tunavyomwita mlezi, wa kwanza na wa pili. Wa kwanza akiwa zamu ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemlaza. Akiwa hayupo ni wa pili. Na ratiba inapangwa wasikosekane wote siku moja. Kwenye daftari la makabidhiano hatuandiki tu "kala, kaharisha mara mbili". Tunaandika pia kama aliangalia, kama alilia mlezi wake alipotoka, kama alinyamaza alipobebwa na nani. Wauguzi wenzangu wa wodini huona hayo ni mapambo. Mimi nayasoma kwa uzito uleule ninaosoma nao jotoridi.

Niwaonyeshe kwa karibu. Maama mmoja, mtu mzima wa kutoka Masaka, ana mtoto wa miezi minne aliyekuja kwetu akiwa kimya. Kabla ya kumtoa kitandani anainama mpaka nyuso zao zinatazamana, anamwambia, "Jangu, taata," njoo baba, ananyoosha mikono, halafu anasubiri. Hamnyakui. Anasubiri mpaka aone mtoto anakaza tumbo kidogo na kuinua mabega, kama anayejiandaa kubebwa, ndipo anamwinua. Kwenye beseni anaanzia miguuni, kiganja cha kushoto kikiwa chini ya shingo, kila kiungo anakitaja kabla ya kukigusa. Mtoto yule wiki za mwanzo hakukaza chochote, alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloa. Siku hizi akisikia tu sauti ya yule maama koridoni anageuza kichwa, na akichelewa anapiga kelele ambayo jirani zetu wanaijua.

Walezi hawakuipokea ratiba hii kwa vigelegele, na hoja yao ilikuwa na uzito. "Sista, huyu akiondoka, mimi nani atanifuta machozi?" Ni kweli kwamba kugawa kazi kunamlinda mlezi: asiyekuwa na mtoto wake hafiwi na mtoto. Mlezi wa vichanga analipwa kidogo, ana wa kwake nyumbani, na unamtaka ampende mtoto ambaye ofisi ya probesheni itamchukua siku yoyote. Tulichoweza kufanya ni kumhusisha. Anaambiwa mapema, anakutana na familia, anasindikiza, anapewa siku ya kupumzika baada ya hapo. Machozi yapo bado.

Wanaodhani kwamba mtoto kuhitaji mtu wake ni mambo ya Ulaya, nawakumbusha yalipoanza kupimwa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954. Alikuwa akienda kwenye vijiji vya karibu na mji, anakaa na akina mama 26 kwenye vyumba vyao vya mbele, kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, akitazama watoto wanavyotambaa kwenda mbali na mama kisha kurudi kumgusa, wanavyolia kwa namna moja kwa mama na nyingine kwa mgeni. Alichokiona alikichapisha mwaka 1967, na leo kinafundishwa kwenye vyuo vya dunia nzima. Kilitoka kwenye mikeka ya Buganda.

Upande wa pili wa habari umetoka Romania. Baada ya utawala wa dikteta wa huko, Ceaușescu, kuanguka mwaka 1989, dunia iliona vituo vilivyojaa watoto waliolishwa na kubadilishwa nepi bila kuwa na mtu wao. Watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, wakawachukua watoto 136 wa vituo vya Bucharest, na kwa bahati nasibu nusu yao wakapelekwa kulelewa na familia. Waliokwenda kwenye familia walifanya vizuri zaidi kwenye akili, lugha na uhusiano na mlezi, na waliowahi kabla ya miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Mimi nafanya kazi ndani ya nyumba ya watoto na nayasema haya waziwazi: hata ratiba nzuri kuliko zote haimgeuzi mlezi wa zamu kuwa mama. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 unasema walio chini ya miaka mitatu walelewe kwenye mazingira ya familia, Uganda ina mpango wake wa 2012 unaoweka kituo mwisho wa orodha, na Kenya imejipangia hadi 2032 kuwatoa watoto vituoni. Nakubaliana nao wote. Ila usiku wa leo kuna mtoto anayehitaji maziwa saa nane, na nani anampa ni suala la usiku wa leo.

Kuhusu wanaokuja kujitolea kwa wiki mbili: najua mna nia njema. Mtoto wa miaka miwili anayemkimbilia mgeni asiyemjua na kudai abebwe anaonekana mchangamfu, picha inatoka nzuri. Kwangu ni alama ya kufuatilia. Mtoto mwenye mtu wake humtazama mgeni kwanza akiwa amejificha nyuma ya gauni la mlezi. Hivyo kwetu mgeni haogeshi, halishi wala halazi. Anafua nepi, na nepi za kufua, amini, hazijawahi kuisha. Wapo waliochukizwa na kutuandikia maneno makali mitandaoni, na wapo waliofua mpaka mikono ikachubuka na wakarudi mwaka uliofuata. Hao wa pili nawapenda sana.

Kumrudisha mtoto kwa familia huchukua wiki nyingi. Shangazi au bibi akishakubaliwa na probesheni, anaanza kuja. Siku ya kwanza anakaa tu karibu wakati maama analisha. Siku nyingine anashika chupa maama akiwa kando, kisha anaogesha, kisha analala naye usiku mmoja. Shuka la mtoto tunampa bila kulifua, lina harufu aliyoizoea. Anaondoka na kadi ya chanjo, hesabu ya maziwa iliyoandikwa kwa Kiganda, na maelekezo ya kitobero kwa vyakula vinavyopatikana shambani kwake. Tunampigia simu, na afisa anamtembelea kupima uzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, ambapo kuharisha kunaweza kumrudisha nyuma haraka.

Kinachokwamisha mara nyingi ni nauli. Bibi wa kutoka Soroti hawezi kulipa basi la kuja Kampala mara sita ndipo aruhusiwe kuondoka na mjukuu wake. Mkiniuliza mtume nini, makabati yetu yamejaa midoli. Tumeni nauli ya bibi.