Kudhibiti joto la heda: maana yake ni nini hasa?

Wengi wakisikia "kudhibiti joto la heda" hudhani ni kulipoza bomba la moshi la injini. Sivyo. Moshi unaotoka kwenye silinda unatakiwa ubaki na joto lake ndani ya bomba mpaka uende zake nyuma ya gari. Kinachozuiwa ni lile joto kutoroka njiani na kuvamia vitu vingine chini ya boneti.

Heda ni mabomba yanayotoka kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kila silinda na bomba lake, kisha yanaungana kuwa moja kuelekea kwenye silensa. Magari mengi ya kawaida badala yake hutumia manifodi, kipande kimoja cha kukusanyia moshi, ya chuma cha kusubu, nzito na nene. Heda ni nyembamba, ukuta wake mara nyingi milimita 1.5 hadi 2 tu, na eneo lake la nje ni kubwa, kwa hiyo hutema joto ovyo. Injini ya petroli ikikanyagwa mafuta mpaka mwisho, moshi wake hufika nyuzijoto 800 hadi 900 za Selsiasi, na yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi) inaweza kuzidi hapo. Gari likiwa kwenye mashine ya kupima nguvu, zima taa za chumba: utaona mabomba yameiva mekundu kama kaa.

Sasa fikiria jirani zake. Mpira wa waya ya plagi hukauka, ukiupinda unakatika. Oili ya breki ikipitishiwa karibu inaweza kuchemka. Stata, mota ya kuwashia injini, nayo huota joto gari likishazimwa, maana hapo hakuna upepo wa kulipunguza. Ukirudi baada ya dakika 10 inazunguka kwa uzito kana kwamba betri imeisha. Kisha kuna hewa inayoingia kwenye injini. Ikipanda joto kwa nyuzi 10, hupungua uzito kwa karibu asilimia 3, na oksijeni hupungua vilevile. Umefunga heda kutafuta nguvu, halafu joto la heda hiyohiyo linakunyang'anya nguvu upande wa kuvutia hewa. Hili linaniuma kila ninapoliona.

Ndani ya bomba nako joto lina kazi. Moshi wa moto hukimbia. Ukipoa hujikunja na kupunguza mwendo. Kila silinda inapotema moshi, nyuma ya lile wimbi hubaki mvuto unaosaidia kufagia mabaki ya silinda inayofuata, na urefu wa mabomba hupimwa kwa kuzingatia mwendo huo. Kwenye turbo, nguvu ya kuzungusha feni inatokana na moshi huo wa moto.

Njia inayojulikana zaidi ni kuzungushia heda kitambaa cha fibaglasi au cha nyuzi za jiwe la volkano, kama unavyofunga bandeji. Ni rahisi na kinafanya kazi kweli. Lakini joto lililozuiwa kutoka hubaki kwenye chuma chenyewe, kikaiva kuliko kilivyozoea, na kitambaa kikilowa maji hukaa na unyevu. Heda ya chuma cha kawaida ikifungwa hivyo huliwa na kutu kimyakimya. Siku unafungua kitambaa, chuma kinabanduka magamba. Ndiyo maana mimi ningefunga stenlesi tu, na pesa ikiruhusu ningeanza na rangi ya kauri, ile inayopakwa ndani na nje kisha kuchomwa kwenye tanuri. Ngao ya bati la alumini nayo isidharauliwe: inarudisha mionzi ya joto, mradi uache nafasi ya hewa kati yake na bomba. Ikigusa bomba, haina maana.

Chuma pia hurefuka. Kipande cha stenlesi cha mita 1 kikipanda nyuzi 600 huongezeka kama sentimita 1. Ukilibana bomba pande zote bila kiungio kinachocheza, mahali pa kupasuka ni kwenye weldingi.

Kitambaa kipya hutoa moshi mara za kwanza injini inapowaka, na hilo ni kawaida. Moshi unaorudi baada ya wiki kadhaa si wa kitambaa. Huenda gasketi ya kifuniko cha juu cha injini inavuja na kitambaa kinanyonya oili, na oili kwenye bomba la namna hii huwaka moto. Zima injini, ziba uvujaji, kisha ufunge kitambaa kingine kipya.