Dungusi kakati: miiba isikudanganye

"Ule mti wa Bonde la Ufa ulioinua mikono kama kinara cha mishumaa ni dungusi."

Si dungusi. Ni yuforbia, wa ukoo mmoja na muhogo na mbarika. Anayekosea ana udhuru: shina nene la kijani lenye mbavu, majani hayaonekani, miiba imejaa. Koo hizi mbili hazina undugu wa karibu. Kila moja ilihangaika na ukame kwao, zikaishia kuvaa vazi moja.

Inama utazame mwiba unapoota. Kwenye dungusi, miiba hutoka kwenye kivimbe kidogo chenye manyoya kama kipande cha blanketi. Wataalamu hukiita areoli, na ndicho kitambulisho cha ukoo mzima. Maua nayo huchipukia hapohapo. Kwenye yuforbia ya mbavu utakuta miiba miwilimiwili, bila manyoya yoyote chini yake.

Wengi hupima kwa kuchoma shina na pini: likitoa maziwa, ni yuforbia. Kipimo hiki hufaa mara nyingi, ila kuna dungusi chache za jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Mammillaria zenye utomvu mweupe, kwa hiyo mimi huanza na areoli. Isitoshe, maziwa ya yuforbia yakiingia jichoni ni balaa. Waliokulia penye ua wa minyaa hawahitaji kuambiwa. Minyaa nayo ni yuforbia.

"Dungusi ni mmea wa Afrika, mbona umejaa Laikipia, Kenya?"

Umejaa kwa sababu uliletwa. Ukoo huu una spishi zipatazo 1,800 na kwao ni mabara ya Amerika. Mpungate, yaani hiyo dungusi ya Laikipia, ulipandwa kama uzio na pambo, kisha tembo na nyani wakala matunda na kusambaza mbegu. Mbuzi anayelamba tunda hilo huondoka na vimiiba laini kama nywele, vimenasa kwenye ulimi na ufizi. Na yale "majani" yake mapana ni mashina.

Spishi moja tu iko Afrika kiasili: Rhipsalis baccifera. Inaning'inia juu ya miti msituni kama kamba za kijani, ina vitunda vyeupe, na ikikomaa kwa kawaida haina miiba. Ilivukaje Atlantiki? Wengi huwataja ndege, lakini ubishi haujaisha.

"Bila miiba na jangwa, hakuna dungusi."

Huyo Rhipsalis keshajibu. Pereskia, dungusi nyingine, naye ana majani ya kawaida kabisa. Ukipita bila kuangalia areoli utadhani ni kichaka tu. Na pitaya, lile tunda la ganda la waridi na magamba, huzaliwa na dungusi inayotambaa.

Mkonge na mshubiri? Hapana, yote miwili. Hiyo hutunza maji kwenye majani, dungusi kwenye shina.

"Basi kisayansi jina lake ni Cactus."

Lilikuwa. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliziweka dungusi zote alizozijua ndani ya jenasi moja, Cactus, neno ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa mmea mwingine wa miiba, wa jamii ya mbaruti. Jenasi hiyo imevunjwa vipandevipande. Leo ukoo unaitwa Cactaceae, na ndani yake hamna jenasi hata moja iitwayo Cactus.