Usekula si ukanamungu: tazama jumba la Leicester

Kila mjadala wa dini na siasa unapopamba moto hakosekani wa kusema, "Hao ni wasekula, hawamtambui Mungu." Nimeisikia kauli hiyo redioni, nimeisikia mimbarini, na nimeisoma kwa watu waliobobea katika sheria ambao naamini wangeweza kuipima vizuri zaidi. Wengi hawana nia mbaya. Ila kosa lenyewe lina madhara, maana likishazoeleka, muumini safi anaogopa kutetea kitu ambacho kwa kweli kinamlinda yeye.

Maana haina urefu. Usekula ni msimamo kwamba mambo yanayotuhusu sote, yaani sheria, kodi, shule za umma, mahakama, yaendeshwe kwa hoja ambazo mtu wa imani yoyote, na asiye na imani, anaweza kuzipima. Na kwamba dola isiwe na dini yake, isimbebe mtu wala kumbughudhi kwa sababu ya dini yake. Ukanamungu ni jibu la mtu mmoja mmoja kwa swali la kama Mungu yupo. Katiba ya Tanzania inasema nchi haina dini, na ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 8, inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Hakuna mwenye akili timamu anayesoma vifungu hivyo akahitimisha kwamba Watanzania na Wakenya hawasali.

Neno lenyewe lilizaliwa ndani ya Kanisa. Kilatini *saeculum* ni kizazi, zama, au dunia hii tunayopita. Kanisa la Magharibi lilipotaka kutofautisha padre aliyeweka nadhiri za kitawa na padre anayeishi miongoni mwa watu, akihudumia parokia chini ya askofu wake, huyo wa pili ndiye lilimwita sekula. Ni huyu tunayemwita padre wa jimbo. Kwa karne nyingi, kwa hiyo, sekula alikuwa mtu anayesoma misa kila siku. Palipokuwa na ardhi au mahakama iliyotoka mikononi mwa Kanisa ikaenda kwa mfalme, nayo ikasemwa imekuwa ya kisekula, na mfalme huyo kwa kawaida alikuwa Mkristo kama askofu aliyeipoteza.

Aliyelitoa neno hapo na kulifanya jina la msimamo wa kijamii ni George Jacob Holyoake, Mwingereza aliyezaliwa Birmingham mwaka 1817. Yeye binafsi hakuwa muumini, na hilo nalisema mapema ili asije mtu akadhani nalificha. Mwaka 1842, akiwa mhadhiri wa wafuasi wa Robert Owen, mwenye viwanda aliyehubiri ushirika na ujamaa, alizungumza Cheltenham juu ya umaskini na vijiji vya ushirika. Msikilizaji mmoja akamuuliza mbona hakutaja wajibu kwa Mungu. Holyoake akajibu kwamba taifa lilikuwa maskini mno kugharamia dini, na kwamba Mungu angewekwa kwenye nusu mshahara, kama walivyofanyiwa maofisa wa jeshi wasio kazini. Kwa jibu hilo alishtakiwa kwa kukufuru akafungwa miezi sita katika jela ya Gloucester. Akiwa ndani, binti yake mdogo Madeline alifariki.

Mtu aliyepitia hayo angeweza kutoka na chuki tupu. Holyoake alitoka akitafuta neno. Mwaka 1851, katika gazeti lake *The Reasoner*, akaanza kutumia usekula kama jina la msimamo wake. Sababu zake zinaeleweka. Jina la mkanamungu lilimtaja mtu kwa kile anachokikataa, na masikioni mwa watu wa wakati ule lilimaanisha mtu asiye na maadili. Yeye alitaka jina la kazi: kuboresha maisha ya watu hapa duniani kwa njia zilizo mikononi mwa watu, pamoja na yeyote aliye tayari kuifanya kazi hiyo, awe anasali au hasali. Kuhusu Mungu, alisema usekula haukubali wala haukani. Hilo si uwanja wake.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo. Holyoake huyohuyo ndiye aliyeandika historia ya waasisi wa ushirika wa Rochdale, lile duka la wafumaji la mwaka 1844 ambalo kanuni zake hufundishwa mpaka leo kwa viongozi wa vyama vya ushirika, wa kahawa Kilimanjaro na wa akiba na mikopo mitaani kwetu. Jengo lililojengwa kuwa makao makuu ya umoja wa vyama vya ushirika vya Uingereza, kule Manchester, limepewa jina lake. Moja ya kanuni za Rochdale ilikuwa kutojifungamanisha na upande wowote wa dini wala siasa. Wakulima wetu, Walutheri kwa Waislamu, wamekaa meza moja chini ya kanuni hiyo miaka nenda rudi, na hakuna aliyewaita makafiri.

Sasa twende Leicester, mji wa viwanda vya soksi na viatu katikati ya Uingereza. Kule kuna Leicester Secular Society, chama kinachohesabu mwanzo wake mwaka huohuo wa 1851 na kujitambulisha kuwa kikongwe kuliko vyote vya aina yake duniani. Nakitaja kwa sababu historia yake, na hasa namna kilivyojiendesha, inaonyesha tofauti ninayoisema kwa vitendo.

Shida ya kwanza ya chama hicho ilikuwa mahali pa kukutania. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Holyoake alinyimwa ukumbi wa kuhutubia mjini humo, na Josiah Gimson, mwenye kiwanda cha mashine, akaona dawa ni kujenga ukumbi wao. Kunyimwa ukumbi halikuwa jambo la jeuri ya mwenye nyumba tu. Sheria ilikuwa upande wake. Mwaka 1867, katika shauri la Cowan dhidi ya Milbourn, katibu wa chama cha kisekula cha Liverpool alikuwa amekodi vyumba kwa mihadhara, mwenye vyumba akageuka aliposikia mada. Mahakama ikasema alikuwa na haki ya kuvunja mkataba, kwa kuwa mihadhara ya kuupinga Ukristo ilikuwa kinyume cha sheria ya nchi. Fikiria maana yake: umelipa, umekubaliana, unafukuzwa, na hakimu anakwambia dini ya dola inaruhusu.

Kwa hiyo watu wa Leicester walifanya jambo la busara sana. Mwaka 1873 walianzisha kampuni ya hisa, Secular Hall Company, na kampuni hiyo ndiyo iliyotafuta kiwanja, ikachangisha mtaji na kujenga. Chama kilibaki chama, na rais wake, katibu wake na kamati yake. Jumba likawa mali ya kampuni, na wenye hisa ndio wenye sauti juu ya jumba. Sheria ingeweza kukisumbua chama kwa mawazo yake. Kampuni iliyosajiliwa yenye hati na vitabu vya hesabu ilikuwa ngumu zaidi kuigusa. Mwandishi na mchapishaji G. W. Foote alitumia njia kama hiyo mwaka 1898 alipoanzisha Secular Society Limited, ili wosia wa fedha kwa ajili ya usekula usibatilishwe mahakamani. Ndugu wa marehemu mmoja, Bowman, walijaribu kuupinga wosia wa namna hiyo, na shauri likapanda mpaka Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo. Mwaka 1917 Malodi wakaamua kampuni ipewe fedha zake, na wakaikataa ile hukumu ya Liverpool. Jumba la Leicester nalo baadaye likawa chini ya wadhamini, Leicester Rationalist Trust.

Mpangilio huu haupaswi kutushangaza. Kanisa lolote Tanzania, na msikiti, na jumuiya yoyote yenye kiwanja, hufanya vivyo hivyo: waumini ni waumini, viongozi ni viongozi, na hati ya ardhi iko kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Ndiyo maana ugomvi wa mchungaji na waumini haumpi yeyote kati yao ruhusa ya kuuza jengo. Anayetaka kujua chama chochote kinaendeshwaje aulize maswali mawili, nani anachaguliwa na nani, na hati ina jina la nani.

Jumba lilifunguliwa Machi 1881 katika barabara ya Humberstone Gate, na lipo mpaka leo. Mchora ramani alikuwa W. Larner Sugden. Ukisimama mbele yake utaona sanamu za vichwa vitano ukutani: Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale; Voltaire, mwandishi Mfaransa aliyelikosoa Kanisa; Thomas Paine, mwandishi Mwingereza aliyetetea haki za binadamu; Robert Owen; na Yesu.

Ndiyo, Yesu. Chama ambacho leo mtu angekiita cha wapinga Mungu kiliweka uso wa Yesu kwenye ukuta wake wa mbele. Mjini kulizuka malalamiko, kwa sababu watu wa dini waliona ni dhihaka kumpanga Bwana wao mstari mmoja na Voltaire. Wenye jumba waliona tofauti. Kwao Yesu alikuwa mwalimu wa maadili na mtetezi wa wanyonge, na hawakuhitaji kukubaliana na Kanisa juu ya uungu wake ili wamheshimu. Muumini ana haki ya kutoridhika na heshima ya namna hiyo, na mimi namwelewa. Lakini hawezi kusema ni alama ya watu ambao kazi yao ni kuifuta dini.

Ndani ya jumba maisha yalikuwa ya mihadhara ya Jumapili jioni, maktaba, muziki, na shule ya Jumapili ya watoto. Mwaka 1884 William Morris, msanii na mwandishi mjamaa, alikuja kuzungumza juu ya sanaa na ujamaa. Kijana Ernest, mtoto wa Josiah Gimson, alikutana naye, akaja kuwa mmoja wa mafundi samani na wasanifu majengo wanaoheshimiwa zaidi Uingereza. Kaka yake Sydney alishika urais wa chama mwaka 1888 na kukaa nao miongo mingi, jambo ambalo kwa mtazamo wangu ni udhaifu, maana chama kinachohubiri hoja huru kisiegemee familia moja kiasi hicho. Katibu F. J. Gould, aliyekuwepo kuanzia 1899 hadi 1908, alichaguliwa na wapiga kura kwenye bodi ya shule za mji, na huko akapigania watoto wafundishwe maadili ambayo hayategemei dhehebu moja. Huo ndio usekula ukiwa kazini: ubishi juu ya ratiba ya shule ya umma.

Mkanganyiko basi ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kwa wasekula wenyewe. Charles Bradlaugh, aliyeanzisha National Secular Society mwaka 1866, alishikilia kwamba usekula ukifuatwa mpaka mwisho lazima ukufikishe kwenye ukanamungu. Holyoake alikataa. Mwaka 1870 walikutana London wakajadiliana hadharani usiku mbili juu ya jambo hilohilo. Bradlaugh alikuwa na sauti kubwa zaidi na wafuasi wengi zaidi, na umma ukalichukua neno kwa maana yake. Hata hivyo tazama alichopigania bungeni. Alichaguliwa Northampton mwaka 1880, akazuiwa kuketi kwa sababu ya suala la kiapo cha kidini, akarudishwa na wapiga kura mara kadhaa, akaketi hatimaye mwaka 1886. Sheria ya viapo ya 1888 aliyoisukuma ilimruhusu mtu kutoa uthibitisho badala ya kiapo, na ilimfaa pia muumini ambaye dini yake inamkataza kuapa.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko wazi machoni. Uingereza mpaka sasa ina kanisa la dola, mfalme ndiye mkuu wake, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi, ambalo pia ni baraza la juu la bunge. Wakati huohuo, katika sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales, zaidi ya theluthi moja ya watu walisema hawana dini. Dola ina dini, mamilioni hawana. Kwetu dola haina dini, na watu wamejaa misikitini na makanisani. Kama usekula na ukanamungu vingekuwa kitu kimoja, picha hizi mbili zisingewezekana.

Na Leicester ya leo si ile ya Gimson. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya mji huo ililipia tangazo katika gazeti la *Uganda Argus* kuwasihi wasije. Walikuja kwa maelfu, na wengine wengi wakatoka Kenya na Tanzania. Sasa Wahindu, Waislamu, Masingasinga, Wakristo na wasio na dini wanaishi pamoja pale, na hakuna kundi lolote kati ya hayo lililofika nusu ya mji. Mhindu aliyezaliwa Jinja, Uganda, akiishi katika nchi yenye kanisa la dola, ana sababu nzuri ya kutaka mamlaka isipime haki yake kwa dini, naye asiache kwenda mandiri, hekalu lake.

Mwaka 2016 Kenya ilisajili chama kiitwacho Atheists in Kenya, na miezi miwili hivi baadaye Mwanasheria Mkuu akasimamisha usajili huo, shauri likaenda mahakamani. Watu wengi bado wanakitaja kama "kile chama cha kisekula". Jina lake lenyewe linasema ni cha wakanamungu, na hawajalificha, basi tuwaite hivyo. Mtetezi wa haki yao ya kusajiliwa, akiwa anatoka swala ya Ijumaa, huyo mwite msekula. Na ukikutana na wale ambao ni vyote viwili, kama walivyokuwa wengi wa Leicester, vitaje vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake.