Kwateti ya Nne ya Bartók: anzia katikati

Wengi wasioipenda Kwateti ya Nne (muziki wa vyombo vinne vya nyuzi) ya mtunzi Mhungaria Béla Bartók husema ni kelele tupu. Siwalaumu. Sehemu ya kwanza inakupokea kama ugomvi uliokwisha pamba moto: fidla mbili, viola na selo zinakatizana bila hata moja kusubiri zamu. Lakini kazi hii ya mwaka 1928 ina sehemu tano, na mgeni namshauri aanze na ya tatu. Bartók mwenyewe aliiita kiini, nyingine zikiwa matabaka yaliyoizunguka: ya pili inaelekeana na ya nne, ya kwanza na ya tano.

Hapo katikati vyombo vitatu vya juu vinashikilia sauti ndefu zilizopandana, kwanza bila kutikisa kidole kwenye uzi, kisha kwa kutikisa. Noti hazikubadilika, ila zimeingia joto. Chini yake selo inaongea peke yake, ikivuta neno hili na kuharakisha lile, kwa mwendo huru wa nyimbo za vijijini ambazo Bartók na mtunzi mwenzake Zoltán Kodály walizikusanya Hungaria tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mpigaji anayehesabu mapigo kwa ukali anaiua sehemu hii. Afadhali hata akosee noti.

Ukitoka hapo, sikiliza ya pili na ya nne kwa mfululizo. Katika ya pili vyombo vyote vimebanwa kifaa cha kufifisha sauti, na wapigaji wanakimbia kasi mno kwa hatua za nusutoni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili. Unasikia mnong'ono tu unaopita. Katika ya nne nyuta zinawekwa kando kabisa, nyuzi zinavutwa kwa vidole mwanzo hadi mwisho. Wazo ni lile la sehemu ya pili, ila hatua zake zimepanuliwa, na ghafla linaimbika. Humo ndimo uzi unapovutwa kwa nguvu mpaka ukirudi unaugonga ubao wa vidole: pa! Mbinu hiyo leo inaitwa kwa jina la Bartók, ingawa mtunzi Gustav Mahler alishaitumia katika Simfoni yake ya Saba.

Sasa rudi kwenye ule ugomvi. Utagundua kwamba karibu kila kitu kinatokana na noti sita: zinapanda nusutoni mbili, kisha zinashuka tatu. Bartók anazigeuza juu chini, anazinyoosha, anazirundika, na mwisho anafunga nazo sehemu ya kwanza na ya tano pia. Kwangu mimi huu ni ubahili wa hali ya juu, wala si fujo.

Ya tano ni ngoma ya miguu mizito. Makundi mengi siku hizi huipiga kwa kasi ya kujionyesha, mishindo ikapotea. Mimi nachagua rekodi ambayo selo na viola zinakanyaga chini kwelikweli, hata kama mwendo utapungua kidogo.