ADHD darasani: yanayosemwa na yanayomsaidia mtoto

"Huyu ni mkaidi tu, achapwe."

Muulize mtoto mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya ashindwe kutulia na kuzingatia, kanuni za darasa, atakutajia zote bila kukosea. Kinachomshinda ni kuzitekeleza pale pale zinapohitajika, kwa sababu ADHD inagusa uwezo wa ubongo wa kujizuia, kusubiri na kushikilia jambo akilini. Bakora huja kosa likishatendeka, wala haimwonyeshi la kufanya. Kenya imeipiga marufuku shuleni kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

"Bila dawa hakuna kitu."

Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2019 unasema kwa mtoto wa miaka 4 na 5 waanze na mafunzo ya malezi kwa wazazi na mbinu za darasani. Kwa watoto wakubwa zaidi, mbinu hizo huenda sambamba na dawa daktari akiiandika.

"Mbona kwenye gemu anatulia saa mbili?"

Gemu inamlipa kila baada ya sekunde chache. Hesabu 10 za ubaoni zinamlipa keshokutwa, daftari likirudi. Basi zigawe: afanye 3, alete zisahihishwe, arudi kwa 3 nyingine. Zikiwa kitabuni, funika zilizobaki kwa karatasi. Akipata 6 bila kusaidiwa, ameelewa. Zinazobaki ni mazoezi ya mwandiko.

"Ameshaambiwa mara mia."

Ameambiwa nini hasa? "Tulia" na "zingatia" havitaji kitendo. Sogea hadi kwenye dawati lake, mwite jina, sema jambo moja: "Fungua ukurasa wa 24." Arudie kwa mdomo wake. Akishafungua, mpe la pili.

"Akikaa mbele, tatizo limekwisha."

Dawati la mbele bila jicho la mwalimu ni mbao tu. Mweke mbali na mlango na dirisha, ubavuni mwa mwenzake mtulivu, mahali unapopita mara kwa mara. Kumgeuza ukutani peke yake ni adhabu.

"Kumzawadia ni kumhonga."

Hongo hutolewa mtu akikataa kazi. Zawadi ya kadi ya siku, yaani kadi ya kumwekea alama kila kipindi, inakubaliwa asubuhi, kazi haijaanza. Chora kadi yenye mistari 3 ya malengo na safu 4 za vipindi, jumla alama 12. Malengo yataje kinachoonekana: anaanza kazi ndani ya dakika 2, ananyoosha mkono kabla ya kujibu, anakabidhi daftari. Mwalimu anatia vema kipindi kinapoisha, na kadi inafika nyumbani siku hiyo hiyo.

Kadi nyingi hufa wiki ya kwanza, na sababu ni ileile: watu wazima wanadai 12 kwa 12. Mchunguze kwanza siku 3 hadi 5 bila kumpa chochote. Kama hupata 6, lengo liwe 7. Akilifikia siku 4 kati ya 5, pandisha kidogo. Zawadi iwe ya jioni ile ile, kama dakika 20 za ziada za mpira. Baiskeli ya mwisho wa muhula iko mbali mno kwake. Zawadi ikianza kumchosha, ibadilishe. Vema alizopata zisifutwe kwa kosa la baadaye, na mzazi asiigeuze kadi kuwa hati ya mashtaka.

"Hajamaliza kazi, asitoke mapumziko."

Hapo unamnyima kile kinachomrudishia utulivu. Afadhali umwongezee mwendo: afute ubao, agawe madaftari, apeleke rejista ofisini. Mtume kabla hajaanza kuhangaika, akishaanza umechelewa.

"Ni sukari anayokula."

Majaribio ambayo wazazi na watoto hawakujua nani amepewa sukari na nani kitamu kisicho sukari hayakuona tofauti ya tabia.

"Huyu mpole hawezi kuwa na ADHD."

Wapo wasiosumbua mtu, wakiwemo wasichana wengi: macho ubaoni, mawazo mbali, daftari lina nusu ya sentensi. Kubalianeni ishara ya siri, mfano kugusa kona ya dawati mara mbili unapopita, kisha subiri kalamu isogee ndipo uondoke.